Daftari la Mweka Hazina: Uwakili wa Kanisa Ukingoni mwa Kilindini

Siku ya mwaka mpya wa 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipanda hadi Rabai, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa, akagawa hati za uhuru. Kwa miaka kadhaa watoro wa mashamba ya pwani walikuwa wamejibanza katika vituo vya misheni, na mabwana zao walikuwa wamechoka kuwadai kwa upole. Mackenzie alipatana nao bei: riale 25 kwa kila mtu. Waliokombolewa walifika 1,421, na gharama ikagawanywa kati ya kampuni, serikali ya Uingereza na wamisheni wenyewe.

Aliyewapokea wengi wa watoro hao alikuwa Kasisi William Jones, mtu aliyetekwa akiwa mtoto, akakombolewa baharini na kulelewa India kabla ya kurudishwa pwani. Kanuni za misheni zilikataza kuwapa hifadhi watumwa waliokimbia. Jones aliwapa. Hesabu iliyolipwa mwaka ule, kwa hiyo, ilianza na Mwafrika aliyekaidi kanuni, na wenye mifuko wakafuata baadaye.

Hesabu yenyewe haipendezi kuisoma. Waliolipwa ni mabwana. Aliyelima shamba la mwingine miaka kumi hakupewa hata pesa moja kwa jasho lake. Lakini ni vigumu kupata, katika historia yote ya Ukristo wa Mombasa, ukurasa mwingine ambao fedha, jasho la watu na ardhi wanayoikanyaga vimeandikwa kwa kalamu moja. Siku hizi vitu hivyo vimetawanywa. Fedha ni kazi ya mweka hazina. Mapumziko ni jambo la mtu na nyumba yake. Bahari na udongo ni kazi ya serikali, au ya vijana Jumamosi moja kwa mwaka wakiwa na magunia ya kuokotea takataka. Mhadhara huu unadai kwamba mtawanyo huo ndio unaodhoofisha uwakili katika makusanyiko ya kisiwa hiki, na kwamba dawa yake ni ya kawaida sana: mambo yote matatu yarudishwe katika daftari moja, lisomwe mbele ya watu.

Kwanza fedha, kwa kuwa hapo makanisa ya Mombasa yana sifa ya kweli.

Anayetaka kuona nidhamu hiyo na akae nyuma ibada ikiisha. Vikapu hupelekwa vestri. Watu wawili au watatu, kamwe si mmoja, huvimwaga juu ya meza. Sarafu za ishirini hupangwa mafungu mafungu, noti za hamsini zilizokunjwa kama hirizi hunyooshwa kwa kiganja, bahasha za fungu la kumi hufunguliwa na namba zake kuandikwa. Karatasi ya makusanyo ya M-Pesa huwekwa kando. Kila mmoja hutia sahihi, na Jumapili inayofuata kiasi hicho husomwa wakati wa matangazo hadi shilingi ya mwisho. Kuna kampuni zenye majengo marefu barabara ya Moi ambazo wenye hisa wake hawaambiwi mengi kiasi hicho.

Msimu wa mavuno mambo huchangamka zaidi. Mbele ya madhabahu huja nazi, mihogo, mikungu ya ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, na baada ya ibada mnada huanza uani. Yai moja linaweza kununuliwa kwa bei ya trei, likarudishwa mezani, likauzwa tena. Mgeni anaweza kudhani ni mchezo. Ni mchezo, na pia ndiyo njia ambayo mjane asiye na pesa taslimu hupata jina lake katika hesabu sawa na karani wa forodha.

Wazo la kanisa kujitegemea lina historia nzito Kenya. Mwaka 1971 John Gatu, katibu mkuu wa kanisa la Presbiteri, alisimama mbele ya Wamarekani mjini Milwaukee akapendekeza wamisheni na fedha za kigeni visimame kwa muda ili makanisa ya Afrika yajifunze kutembea kwa miguu yao. Wafadhili walishtuka, na viongozi wengine wa Kiafrika walishtuka zaidi. Hata hivyo baada ya nusu karne parokia nyingi za mjini zinalipa mapadri na makasisi wake kwa sadaka za watu wake.

Ila mfadhili wa ng'ambo alipopungua, mfadhili wa karibu zaidi alijitokeza: mheshimiwa. Kila msimu wa kura magari yake hupanga foleni nje ya ibada, na bahasha yake ya kahawia hupokewa kwa vigelegele. Septemba 2021, akiwa Butere kwenye kuwekwa wakfu kwa Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubu ibadani, na maaskofu Wakatoliki wakatoa agizo la namna hiyo mwezi uo huo. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2024, Rais William Ruto alitoa shilingi milioni 2.6 katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, zikiwemo milioni 2 za nyumba ya mapadri. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kuwa fedha hizo zitarudishwa.

Aliyeshangilia uamuzi huo bila kusita huenda hajawahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi. Ukuta umeishia kwenye linta, saruji imepanda bei, mabati yanalala uani yakishika kutu, na mbele yako kuna mtu mwenye uwezo wa kumaliza yote kwa mchana mmoja. Kurudisha milioni mbili kunauma. Lakini fedha ile haiwezi kusomwa katika matangazo kama noti za hamsini zinavyosomwa, kwa sababu hakuna anayeweza kutaja ilikotoka. Hilo ndilo lililopaswa kuwa kipimo tangu mwanzo, kabla ya maandamano ya hasira ya vijana ya Juni 2024 kuwalazimisha viongozi kukumbuka.

Mombasa ina shule nyingine ya uwakili, na iko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka makanisa makuu mawili ya barabara ya Nkrumah. Katika Mji wa Kale kuna nyumba na maduka ambayo kodi yake ni wakfu: mwenyewe amekwisha kufa zamani, mali haiuzwi, na mapato huendesha msikiti au madrasa chini ya mtu anayewajibika kwa jina. Sheria ya tume ya wakfu iliyotumika Kenya kwa miongo mingi ilikuwa ya mwaka 1951, na desturi yenyewe ina karne nyingi. Imekuwa na mizozo yake, hilo linajulikana. Hata hivyo Wakristo waliojenga kanisa kuu la Kianglikana mwaka 1905 na kuliwekea kuba lenye sura ya jirani zao wangeweza kuazima na hili: mali inayotunzwa kwa ajili ya watu ambao bado hawajazaliwa. Makusanyiko mengi hukusanya kwa ajili ya mwaka huu, na ukarabati wa paa hungoja hadi livuje.

Kuhusu mapumziko, daftari ni jeupe.

Amri ya Sabato, kama sehemu ya Amri Kumi, imeandikwa mara mbili katika Torati, na sababu zake si sawa. Katika Kutoka 20 watu wanapumzika kwa sababu Mungu alipumzika baada ya kuumba. Katika Kumbukumbu la Torati 5 wanapumzika, na watumishi wao na ng'ombe na punda wao wanapumzika, kwa sababu wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Ni vigumu kufikiri mahali ambapo sababu hiyo ya pili ingesikika kwa uchungu zaidi kuliko Frere Town, ng'ambo ya kisiwa, kijiji kilichoanzishwa na misheni ya Kianglikana miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kengele yake ilionya hatari ya kushambuliwa na iliita watu kwenye sala. Mtaa wa Kengeleni umechukua jina kwake.

Na bado hapo hapo, chini ya msimamizi mlei J. R. Streeter, watu waliokwisha kuwekwa huru walichapwa viboko. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko yalichunguzwa, na Streeter akaondoka. Kisa hiki husimuliwa kwa nadra katika sherehe za kumbukumbu za makanisa, ilhali kina faida zaidi kuliko hotuba nyingi: taasisi iliyozaliwa kwa ajili ya uhuru inaweza kumchosha mtu kwa niaba ya Mungu.

Bandarini kazi ilikuwa na mwendo wake. Gati za kwanza za kina kirefu Kilindini zilifunguliwa katika miaka ya 1920, na kwa miongo mitatu makuli waliajiriwa kwa siku. Kuli alifika asubuhi langoni, akachaguliwa au akaachwa. Alipopata za kutosha kwa chumba na ugali aliweza kukaa siku kadhaa bila kwenda, akarudi shambani Kaloleni au Kwale, kisha akaja tena. Wakubwa wa kikoloni waliita hali hiyo uvivu. Mtazamo wa haki zaidi ni kwamba watu wale walijipangia Sabato yao wenyewe, wakailipia kwa njaa. Januari 1947 mji mzima uligoma. Wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi, wakakutana kila siku kwenye kiwanja cha Majengo walichokiita Kiwanja cha Maskini, na Chege Kibachia akaibuka kuwa kiongozi wao. Kuanzia 1954 makuli walisajiliwa, wakatakiwa kufanya shifti kadhaa kila mwezi. Mshahara ukawa na uhakika zaidi, na siku zikawa mali ya bandari.

Leo krani za Kilindini hazilali. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi wa Kenya angalau siku moja ya mapumziko kati ya saba, bila kutaja ni ipi. Waadventista wamelipigania jambo la siku kwa bidii kuliko wote, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wanafunzi wao katika shule za umma wapewe nafasi ya kushika Sabato yao Jumamosi. Makanisa ya Jumapili hayajaenda mahakamani kwa ajili ya dereva wa kontena wala muuza duka. Badala yake mtu akikosa ibada mara tatu kwa sababu ya shifti, mzee wa kanisa humpigia simu kuuliza kama imani imepoa. Swali la haki lingekuwa lingine: shifti yako inaisha saa ngapi, na je, tuweke ibada fupi jioni ya Jumatano?

Mabaharia wamewahi kuulizwa swali kama hilo. Shirika la Kianglikana la kuwahudumia, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1856, lina kituo Mombasa ambako mtu anayeshuka melini kwa saa chache hupata kiti kisichoyumba, intaneti ya kuzungumza na watoto wake Manila au Chennai, na padri asiyemharakisha. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unataka baharia apumzike angalau saa 10 katika kila 24, na saa 77 katika siku saba. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, mabaharia wapatao 400,000 duniani walikwama melini baada ya mikataba yao kwisha. Ukarimu wa vituo vya namna hii haupigi kelele, na hauleti sadaka: anayepokewa kesho yuko Durban.

Sasa kanisa lijitazame. Jumapili ndiyo siku ngumu kuliko zote kwa watu wake walio waaminifu zaidi. Mama wa Umoja wa Kina Mama ameamka alfajiri kuchemsha chai ya wageni. Kwaya imefanya mazoezi hadi usiku wa Jumamosi. Kasisi ana ibada ya Kiingereza, ya Kiswahili, ya vijana, kisha kamati, kisha harambee, kisha mazishi ya mbali kesho yake. Na langoni yuko mlinzi, ambaye katika makusanyiko mengi hukesha usiku saba kwa wiki, mwezi hadi mwezi, kwa sababu kanisa limeajiri mmoja na hakuna aliyepiga hesabu ya wa pili. Bosi wa kampuni akifanya hivyo mahubiri yatamtaja. Hapa mlinzi anahesabiwa kuwa mtu wa Mungu asiyelalamika.

Kilichobaki ni bahari, nayo ina daftari lake la maafa. Mwaka 1988 tani zipatazo 5,000 za mafuta zilivuja kutoka tangi la hifadhi hadi Mkondo wa Makupa. Aprili 2005 meli ya mafuta Ratna Shalini ilimwaga mafuta ghafi bandarini, yakasambaa kwenye mikoko ya Port Reitz. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, hupumua kwa vijiti vya mizizi vinavyosimama juu ya tope kama misumari. Mafuta yakivifunika mti unakosa hewa. Kaa hukosa kivuli, kamba hukosa mahali pa kukulia, na mama anayeuza samaki Mikindani hukosa cha kuweka kwenye karai. Tope hukaa na mafuta yake kwa miaka mingi. Dari za nyumba za Mji wa Kale hushikwa na boriti za mikoko, na upana wa vyumba vyake ulipangwa na urefu wa boriti. Mji umeegemea mikoko kwa maana iliyo wazi kabisa.

Kisa cha Owino Uhuru kinauma zaidi, maana hapo uumbaji ulioharibiwa ni mwili wa mtoto. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwekwa mwaka 2007 kando ya mtaa huu wa maskini, upande wa bara wa Mombasa. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua kuwa mtoto wake mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini, iliyompata kupitia maziwa ya mama. Alianza kupiga kelele, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014, mwaka uliofuata Omido akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na Julai 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Anayedhani utunzaji wa uumbaji ni starehe ya wapenda ndege na aanzie hapo.

Ingawa wapenda ndege nao wana la kufundisha. Shirika la Kikristo la A Rocha Kenya, lenye makao yake Watamu, lilianzisha mwaka 2001 mpango wa karo kwa watoto wa familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Chanzo kimojawapo cha fedha ni daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko ya Mida: mtalii analipa kiingilio, akaone ndege na kaa, na kiingilio kinakuwa karo ya sekondari. Mzazi ambaye jana alikata mti auze mkaa apate karo leo ana sababu ya kuuacha umesimama. Kaskazini zaidi, katika pori la Dakatcha, shirika hilo limenunua ardhi ili isifyekwe. Huko ndiko mwaka 2013 yalikopatikana mazalio ya ndege mdogo wa jamii ya kwera asiyepatikana popote nje ya Kilifi. Kununua pori na kuliacha lilivyo ni matumizi ya ajabu ya fedha ya Mkristo, mpaka mtu asome Mambo ya Walawi 25, ambako shamba lenyewe linapewa mwaka wa kupumzika.

Linganisha na desturi iliyozoeleka. Mgeni rasmi anapanda mche, picha inapigwa, Askofu anabariki. Hakuna aliyepewa zamu ya maji. Januari ikifika na jua lake, mche umekuwa kijiti, na mwaka unaofuata shimo lile lile linangoja mgeni mwingine. Wakati huo huo mwembe wa uani umekatwa kupisha maegesho, ardhi imefunikwa kwa matofali ya saruji, na harusi ya Jumamosi imeacha mifuko kadhaa ya chupa za plastiki ambazo mvua za masika zitaziteremsha hadi Mkondo wa Tudor. Waraka wa Papa Francis wa 2015 juu ya makao yetu ya pamoja umesomwa katika semina nyingi za Mombasa. Umefika mara chache kwenye bajeti.

Wazee wa kanisa wakielezwa haya hujibu kwamba kanisa si kampuni wala halmashauri ya mji, na kwamba kazi yake ni roho. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama lingetolewa pia wakati wa kuhesabu bahasha. Kusanyiko linaloweza kusema kwamba Jumapili iliyopita lilipata 41,350 na senti sifuri lina uwezo pia wa kusema mlinzi wake alipumzika siku ngapi mwezi huu, kasisi alichukua likizo lini, miche mingapi ya mwaka jana ingali hai, na chupa za harusi zilikwenda wapi. Si takwimu za kitaalamu. Msichana wa kipaimara mwenye daftari la shule anaweza kuzikusanya kwa nusu saa.

Ugumu utakuwa kwenye fedha, kama kawaida. Mlinzi wa pili wa usiku mmoja kwa wiki ni malipo ya usiku 52 kwa mwaka, nayo yatatoka kwenye fungu ambalo wengine walishaliona kuwa la vigae. Jambo hilo lipelekwe mkutano mkuu wa mwaka, lijadiliwe kwa sauti, lipigiwe kura, na mtu mwingine akae langoni mchana huo ili mlinzi mwenyewe aingie akae na kusikiliza.